Wanavyuo na Huduma ya Afya: Tusiwasahau Wagonjwa wa Milimani

(Mhadhara uliotolewa mbele ya waumini na wanafunzi wa vyuo, Morogoro)



Ndugu Waislamu, na hasa nyinyi vijana wetu wa vyuo vikuu,

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu aliyetujaalia kukutana. Mji wetu umeneemeshwa kwa elimu. Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine kilianzishwa mwaka 1984, Mzumbe ikawa chuo kikuu mwaka 2001, na Chuo Kikuu cha Waislamu Morogoro kikaanza mwaka 2005. Vyote vinaitazama Milima ya Uluguru. Je, elimu hiyo inawafikia wanaoishi juu ya milima hiyo?

Wapo vijana wanaodhani kwamba afya ya walimwengu hushughulikiwa Geneva na London tu. La, hasha! Pale SUA, tangu mwaka 2000, shirika la APOPO lenye asili ya Ubelgiji limekuwa likifundisha panya buku kunusa. Kwanza walifundishwa kutambua mabomu ya ardhini, wakatumika Msumbiji, Angola na Kambodia. Mmoja wao, Magawa, alitunukiwa nishani ya dhahabu Uingereza mwaka 2020. Kisha, tangu mwaka 2007, panya hao wakaanza kunusa makohozi yanayotoka zahanati na hospitali ili kutambua kifua kikuu. Panya mmoja hupima sampuli 100 kwa dakika 20 hivi, kazi ambayo kwa hadubini huchukua siku kadhaa. Sampuli inayotiliwa shaka hurudiwa maabara, na hivyo hugunduliwa wagonjwa ambao hapo awali waliambiwa kuwa hawana ugonjwa.

Hapo ndipo penye mtihani. Mgonjwa huyo amekwisha kurudi kwake akiamini kuwa ni mzima. Anakohoa akiwa chumba kimoja na watoto wake. Asipotafutwa, ugunduzi wote ule haumfai kitu. Kazi ya kuwatafuta hufanywa na watu wa kujitolea, ambao baadhi yao waliugua na kupona. Kumpata mkazi wa mjini ni kazi. Sembuse mkazi wa Tchenzema au Kinole, ambako mvua ikinyesha njia huwa utelezi mtupu?

Wanazuoni wetu wanatufundisha kuwa kuhudumia wagonjwa ni fardhi kifaya: wakiitekeleza baadhi, wengine husalimika, wakiiacha wote, wote huingia katika dhambi. Basi tusiseme kwamba hilo ni jambo la serikali peke yake.

Tunawausia vijana mambo matatu. Kwanza, jiungeni na vikundi vya huduma mkiwa chini ya uongozi wa waganga wa zahanati. Msijifanye madaktari, na siri ya mgonjwa ni amana. Pili, waelezeni watu kwamba kikohozi cha wiki mbili au zaidi kipimwe, kwamba dawa ni bure, na kwamba tiba ya kawaida ya miezi sita haikatizwi hata mgonjwa akipata nafuu. Kifua kikuu si laana wala uchawi. Tatu, sikilizeni kabla ya kufundisha. Mwaka 1955 Waluguru waliukataa mpango wa serikali ya kikoloni wa kuwalazimisha kuchimba matuta, na ghasia zikazuka Matombo. Udongo kweli ulikuwa ukimomonyoka, lakini amri ilikuja bila mashauriano. Elimu inayopandishwa mlimani kwa kiburi huteremshwa kwa ghadhabu.

Na sisi wa misikitini tusibaki watazamaji. Maimamu watangaze habari hizi baada ya Swala ya Ijumaa. Wenye uwezo wawachangie vijana nauli. Majirani wampelekee mgonjwa chakula badala ya kumkimbia, kwani anayetumia dawa ipasavyo hupunguza haraka uwezo wa kuambukiza.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu aifanye elimu ya vijana wetu iwe yenye manufaa, na awaponye wagonjwa wetu. Amin.

Wabillahi Tawfiq.