Upepo Umepata Soko, Samaki Je?



Juma hili nataka twende pamoja hadi Loiyangalani, mji mdogo ulioko kusini-mashariki mwa Ziwa Turkana, katika Kaunti ya Marsabit. Kwa Kisamburu jina hilo maana yake ni mahali penye miti mingi. Miti yenyewe ni mikoma iliyoota kandokando ya chemchemi. Ukitoka kwenye kivuli chake unakutana na mawe meusi ya volkeno, jua kali, na upepo usiochoka. Waturkana, Wasamburu, Warendile na Waelmolo ndio wenyeji wa hapo.

Sisi wa mjini tukisikia neno kiangazi, tunafikiria soda baridi na feni. Loiyangalani kiangazi ni hesabu ya chakula. Mvua ya mwaka mzima kwa kawaida haifiki milimita 250. Malisho yakikauka, vijana huwahamisha mifugo kuelekea Mlima Kulal au mbali zaidi. Ngamia na ng'ombe wakiondoka, maziwa yameondoka nao. Wazee, akina mama na watoto wadogo hubaki wakinywa chai isiyo na maziwa. Unga wa mahindi huja kwa lori kutoka mbali, na kila kilomita ya safari hiyo imo ndani ya bei. Kilicho karibu ni ziwa.

Waelmolo wamekula samaki vizazi na vizazi, na zamani wafugaji jirani zao waliwacheka kwa sababu hiyo. Kiangazi kimewanyamazisha wachekaji. Kuanzia mwisho wa mwaka 2020 misimu mitano ya mvua ilikosekana mfululizo, na mifugo ikafa kwa wingi kaskazini mwa Kenya. Mtu aliyezika mbuzi wake wa mwisho hawezi kuendelea kumdharau ngege.

Lakini samaki ana adui, naye ni joto. Mbuta aliyevuliwa alfajiri hawezi kusubiri mnunuzi hadi jioni. Mvuvi asiye na barafu atampasua, amwanike juani, kisha amuuze akiwa mkavu kwa bei atakayotaja mwenye lori. Samaki huyo husafiri hata kufika Busia, na faida huongezeka kadiri anavyomwacha mbali mtu aliyemvua.

Sasa tutazame upepo. Upepo wa huko hubanwa kati ya nyanda za juu za Kenya na zile za Ethiopia, ukavuma kwa nguvu hasa usiku na alfajiri. Wataalamu waliona mali. Si mbali na mji huo imesimamishwa mitambo 365 ya kuzalisha umeme, mmoja kwa kila siku ya mwaka, yenye uwezo wa megawati 310. Laini ya kilomita 428 ikajengwa kuupeleka umeme huo Suswa, nao mradi ukazinduliwa rasmi Julai 2019. Haki isemwe: barabara ya kutoka Laisamis ilitengenezwa kwa sababu ya mradi huo, na nchi imepata umeme usiohitaji mafuta ya kununuliwa ng'ambo.

Hata hivyo, tangu mwanzo macho ya mradi yalielekea Suswa. Wenyeji walikwenda mahakamani kuhusu ekari 150,000 zilizokodishwa, na Oktoba 2021 mahakama ya ardhi mjini Meru ikaamua kwamba hati za ardhi hiyo hazikupatikana kwa kufuata sheria. Wahenga walisema penye miti hapana wajenzi. Mahali penye miti mingi wajenzi walikuja, ila nyumba waliyoijenga mlango wake unafunguka upande wa Nairobi.

Kuna watakaoniambia kwamba umeme wa volti 400,000 hauwezi kuingizwa jikoni kwa mama. Ni kweli, unahitaji kupunguzwa nguvu, na kazi hiyo ina gharama. Lakini gharama ya kutofikiria jiko tuliwahi kuiona upande wa pili wa ziwa hilohilo, kule Kalokol. Wanorwe walijenga kiwanda cha kugandisha samaki kwa mamilioni ya dola. Kilifanya kazi siku chache tu kikafungwa, maana umeme wa kugandishia na maji safi vilikuwa ghali mno. Samaki walikuwapo na jengo lilikuwapo. Kilichokosekana ni umeme wa bei nafuu na maji matamu.

Leo umeme unazalishwa upande wa mashariki wa ziwa. Maji ya ziwa ni ya magadi, tena yana floraidi nyingi inayoharibu meno na mifupa ya watoto. Mashine za kuyasafisha zipo duniani, na chakula chake ni umeme. Barafu nayo ni maji safi pamoja na umeme. Basi mambo haya mawili, maji ya kunywa na samaki asiyeoza, yana ufunguo mmoja, na ufunguo huo unavuma juu ya mapaa ya watu kila usiku.

Ndiyo maana nasema maendeleo ya jangwani yapimwe wakati wa kiangazi, jioni, penye sahani. Tusiulize megawati ngapi zimefika Suswa tu. Tuulize pia kama mvuvi wa Loiyangalani anaweza kukataa bei mbaya leo akauza kesho, na kama mtoto aliyeachwa nyuma na ngamia amekula akashiba, akanywa maji yasiyomharibu meno. Kiongozi atakayekuja na takwimu za mradi mwingine, tumpokee kwa heshima, kisha tumuulize hayo mawili.

Hadi juma lijalo panapo majaliwa, kwaherini.