Mlango wa Chuo Kikuu Hufungwa Kidato cha Pili

Haya ni maneno niliyosema mbele ya wanafunzi na wazazi wao baada ya Isha. Wengi wameomba niyaweke hapa, basi nimeyaandika vile vile nilivyoyasema.



Walimu wetu, mama zetu, baba zetu, na nyinyi vijana mulioketi kule nyuma karibu na mlango (najua kwa nini mumeketi hapo), ahsanteni kwa kuja. Nimeombwa niseme juu ya alama za mtihani na vile vyuo vikuu ambavyo kila mtu anavitaka na wachache ndio wanaoingia. Naanza na kisa changu mwenyewe.

Mwaka wa 2014 nilikuwa kidato cha pili. Munaukumbuka mwaka ule. Mwezi wa Juni yakatokea mashambulizi ya Mpeketoni, kisha ikaja kafyu ya kaunti nzima. Jua likizama, kila mtu ndani. Masomo ya jioni yakafa. Mwalimu wetu wa Fizikia, mtu wa bara, akaomba uhamisho akaenda zake. Simlaumu. Mamake alikuwa akimpigia simu kila siku akilia.

Ulipofika wakati wa kuchagua masomo tukaambiwa, Fizikia haina mwalimu, chagueni mengine. Tukaacha, darasa zima. Na wallahi tulifurahi! Somo gumu limetutoka kichwani. Hakuna hata mmoja wetu aliyeinua mkono akauliza: hili somo tunaloliacha linafungua mlango gani?

Mwaka wa 2016 tukafanya KCSE. Mwaka ule A nchi nzima zilikuwa 141 tu. Waliopata C+ kwenda juu, yaani waliofika kwenye kizingiti cha digrii, walikuwa 88,929. Mimi nilipata C. Nikasoma diploma, na alhamdulillahi ndiyo inayonilisha mpaka leo. Lakini nilivyokuwa mdogo nilitaka kuwa mhandisi. Mei 2021 gati la kwanza la bandari lilipofunguliwa kule Kililana, nilitazama zile kreni nikapiga hesabu yangu upya. Nikagundua kwamba hata ningepata B+ mwaka ule, uhandisi nisingeingia. Sikuwa na Fizikia. Kwa hivyo mlango wangu haukufungwa 2016. Ulifungwa 2014, na mimi nilikuwa napiga makofi.

Hilo ndilo nililokuja kuwaambia. Mengine yote ni maelezo.

Sasa tuelezane vile mambo yenyewe yanavyokwenda, maana wengi wetu tunayasikia tu juu juu. Nafasi za vyuo hugawanywa na KUCCPS, iliyoundwa na sheria ya vyuo vikuu ya 2012. Wengi munajua C+ ndiyo mwanzo wa digrii na C- ndiyo mwanzo wa diploma. Lakini C+ inakufikisha barazani tu. Kukaribishwa ndani ni jambo jingine. Katika KCSE ya 2024 waliopata C+ kwenda juu walikuwa 246,391, na hao wote hawawezi kuingia udaktari Nairobi. Kwa hivyo wanapimwa kwa kitu kinachoitwa alama za klasta, na kiwango cha juu kabisa ni 48. Klasta inatazama masomo manne yanayohusu kozi unayoitaka, pamoja na jumla ya masomo yako saba. Kozi za udaktari katika vyuo vya umma kwa kawaida hufungwa juu ya alama 40. Na kile munachokiita kiwango cha kuingilia hakikuandikwa popote kabla. Ni alama za mtu wa mwisho aliyeingia mwaka uliopita. Wakiomba wenye alama nyingi zaidi mwaka huu, kinapanda.

Nipeni dakika mbili niwapigie hesabu. Shikeni wanafunzi wawili, wote wana B, wote wana pointi 65 kati ya 84. A ni pointi 12, A- ni 11, B+ ni 10, unashuka hivyo hivyo.

Wa kwanza: Bayolojia B+, Kemia B+, Hisabati B, Kiswahili A-, Kiingereza C+, IRE B, Jiografia B. Jumla 65.

Wa pili: Kiswahili A, IRE A, Historia A-, Kiingereza B+, Hisabati C+, Bayolojia C+, Kemia C. Jumla 65.

Nyumbani wote wawili wamepikiwa pilau. Sasa wote wanataka udaktari. Udaktari unatazama Bayolojia, Kemia, Hisabati au Fizikia, na Kiingereza au Kiswahili. Wa kwanza ana 10, 10, 9 na 11, jumla 40. Wa pili ana 7, 6, 7 na 12, jumla 32. B ni ile ile, lakini mmoja yuko mbele ya mwenziwe kwa mbali. Huyu wa pili si mjinga hata kidogo. Angeelekea Sheria, lugha yake na Historia yake na IRE yake zingembeba. Tatizo ni kwamba hakuna aliyemwambia mapema. Amekuja kujua siku ya kujaza kozi, na siku hiyo hakuna la kubadilisha.

Kwa hivyo musiulize tu "nitapata gredi gani?" Ulizeni "nitaipata katika masomo gani?" Anayetaka uhandisi, Fizikia, Kemia na Hisabati hazina mbadala. Anayetaka Sheria, atie nguvu kwenye lugha: sheria ya Kenya School of Law inataja C+ na B ya Kiingereza au Kiswahili. Na hapo nataka munisikilize vizuri. Kumekuwa na watu waliomaliza digrii ya Sheria kabisa, miaka minne, halafu wakajikuta mahakamani wakibishania alama zao za kidato cha nne ili waingie Kenya School of Law. Digrii iko mkononi, lakini swali ni, "Kiingereza ulipata nini?" Gredi ya shule haikai shuleni. Inakufuata.

Na Kiswahili, jamani! Tusijidanganye kwamba sisi watu wa Amu na Pate Kiswahili tumezaliwa nacho basi A ni yetu. Tunachozungumza nyumbani ni Kiamu, Kipate, Kisiu. Mtihani unataka Kiswahili sanifu, ngeli na isimujamii. Nimeona vijana wetu, watoto wa washairi, wakipata C huku mwenzao wa bara aliyejifunza kitabuni amepata A. Somo hili lipo katika klasta nyingi. Ni pointi tunaziacha mezani.

Je, ripoti za kidato cha kwanza, cha pili na cha tatu zinahesabiwa? KUCCPS haizitazami. Lakini usikimbilie kuzitupa. Ukiomba chuo cha Marekani wanataka kuona rekodi ya miaka yako ya sekondari, muhula kwa muhula, na barua ya mwalimu anayekujua. Kule wanatazama kama umepanda au umeshuka. Aliyeanza na C kidato cha kwanza akamaliza na A ana kisa cha kuwaeleza. Na kuna sababu ya kujaribu: Harvard, Yale, Princeton na MIT huamua juu ya mwanafunzi wa kigeni bila kutazama kama ana pesa, na akikubaliwa humsaidia kulingana na hali ya wazazi wake. Hapa Kenya, tangu 2004, kuna mpango unaoitwa KenSAP unaowasaidia wanafunzi wenye alama za juu sana na wazazi wasio na uwezo kuomba vyuo kama hivyo. Uingereza ni tofauti: vyuo vingi humtaka mwenye KCSE apitie mwaka mmoja wa msingi kwanza. Kwa hivyo ripoti fomu zako weka kwenye bahasha ya nailoni, pamoja na cheti cha kuzaliwa. Na hakikisha jina ni lile lile kila mahali. Mohamed wa cheti cha kuzaliwa na Muhammad wa KCSE, ofisini ni watu wawili.

Wazazi wenye watoto wa mtaala mpya, musidhani nimewasahau. KCSE ya mwisho itakuwa 2027. Watoto wenu mlango wao umesogea mbele zaidi. Wakitoka Gredi ya 9 wanagawanywa njia tatu: sayansi na teknolojia, sayansi ya jamii, au sanaa na michezo. Alama zinazotumika ni asilimia 20 za mtihani wa Gredi ya 6, asilimia 20 za tathmini za Gredi ya 7 na ya 8, na asilimia 60 za mtihani wa Gredi ya 9. Munasikia? Mtoto wa miaka kumi na mbili ameshaanza kujaza fomu ya chuo kikuu na hajui. Sisi tulipewa hadi kidato cha pili.

Nahodha wa boti ya Faza anajua kwamba kupita mahali penye kina kifupi kunataka maji. Ukifika maji yametoka, hata uwe na mashine kubwa namna gani, utakaa juu ya mchanga ungoje. Masomo nayo ni hivyo. Bidii ya kidato cha nne ni mashine. Uchaguzi wa kidato cha pili ni maji.

Sasa kuna jambo si la mwanafunzi peke yake, na ndiyo maana sisi tunaoshughulika na haki tunalisema. Tukimwambia mtoto "chagua Fizikia" na shule haina mwalimu wa Fizikia, tumemkejeli. Shule za wadi ya Basuba, yaani Basuba, Milimani, Mangai, Mararani na Kiangwe, zilifungwa miaka kwa sababu ya usalama, na watoto wa Kiboni wakahamishiwa bweni Mokowe. Mtoto huyo akija kufanya mtihani anapewa karatasi ile ile ya mtoto wa Nairobi, na kompyuta ya KUCCPS haijui alikotoka. Katiba inajua. Kifungu cha 43 kinampa kila mtu haki ya elimu. Kifungu cha 56 kinaitaka serikali iweke mipango maalumu ili jamii zilizotengwa zipate nafasi katika elimu. Hiyo si sadaka tunayoiomba. Bandari iko Kililana, Fizikia haiko darasani. Tukikubali hivyo, watoto wetu wataingia bandarini kubeba mizigo na kulinda lango, na mhandisi atatoka kwingine.

Basi tufanye nini?

Mwanafunzi: kabla hujaacha somo lolote, andika kozi tatu unazozitaka, kisha utafute masomo manne ya kila kozi. Kama somo unaloliacha limo, simama uulize. Usiache kwa sababu rafiki yako ameacha.

Mzazi: siku ya kuchagua masomo nenda shuleni. Tunafika kwa karo na kwa adhabu, siku hii hatuonekani. Hata kama hukusoma, uliza swali moja tu: "Mwanangu akiacha hili, hataweza kuwa nani?"

Sisi sote: tunaandika barua kuuliza ni shule ngapi za sekondari Lamu zinazofundisha Fizikia mpaka kidato cha nne, na kila moja ina walimu wangapi wa sayansi. Kifungu cha 35 kinatupa haki ya kujua, na sheria ya 2016 inampa afisa siku 21 kujibu. Majibu hayo ndiyo tutakayokwenda nayo TSC. Anayetaka kutia sahihi, karatasi iko pale mlangoni. Wale wa nyuma mutaifikia kwanza.

Na kwa wale ambao gredi zimeshatoka na si nzuri, msikate tamaa. Unaweza kurudia KCSE kama mtahiniwa wa kibinafsi. Unaweza kuanza diploma, ukipita vizuri uombe digrii kwa njia hiyo. KMTC ina kampasi hapa hapa Lamu. Kozi za diploma na ufundi hufunguliwa pia kwa waliofanya mtihani miaka ya nyuma. Njia ni ndefu zaidi, inakula miaka na pesa, lakini ipo. Mimi ninaipitia.

Mdogo wangu, alipokuwa kidato cha pili, alikuja na fomu ya kuchagua masomo. Alikuwa ameshaikata Fizikia kwa kalamu. Nikamuuliza kwa nini. Akaniambia, "Mwalimu haji, na mtihani wake mgumu." Ni maneno yale yale niliyosema mimi miaka ile. Hatukugombana. Tulikaa barazani tukapiga ile hesabu niliyowapigia nyinyi. Asubuhi akaomba fomu mpya.

Sijui kama atapata A. Lakini akikosa, akose kwa mtihani, asikose kwa kutojua.

Wabillahi tawfiq. Assalaamu alaykum warahmatullah.