Nchi Jirani: Kenya na Ukaguzi wa Nishati Viwandani



Kila askari anajua maana ya ukaguzi. Bunduki yaweza kung'aa kwa nje, ilhali ndani ya mtutu imeshika kutu. Na kutu hiyo isipogunduliwa mapema, itajulikana siku ya mapambano, siku ambayo kujua hakusaidii tena. Ndiyo maana silaha hukaguliwa wakati wa amani, na ndiyo maana mkaguzi hodari haitazami kwa mbali, bali huifungua.

Katika mazungumzo yetu ya leo tunatazama ukaguzi wa namna nyingine, ambao jirani zetu wa Kenya waliufanya kuwa wajibu wa kisheria. Huo ni ukaguzi wa matumizi ya nishati katika viwanda, mahoteli, na majengo makubwa ya biashara na ya huduma.

Kwa miaka mingi Kenya imepata umeme wake kutokana na maji ya Mto Tana, mvuke wa ardhini wa Olkaria, na mitambo inayochoma mafuta yanayoagizwa kutoka ng'ambo. Mvua zikikosekana, mabwawa hupungua, na mitambo ya mafuta hulazimika kuwashwa. Ndivyo ilivyotokea mwaka 2000, na tena mwaka 2009, ukame ulipoitumbukiza nchi hiyo katika mgawo wa umeme. Wasikilizaji wetu wa Polisi hawahitaji kuelezwa maana ya mgawo: taa za barabarani huzimika, pampu za maji husimama, na mhalifu hupata giza analolitaka.

Lakini liko jambo jingine lisiloonekana upesi. Gharama ya mafuta hayo haibaki mabegani mwa shirika la umeme. Katika hati ya malipo ya umeme nchini Kenya imo tozo ya mafuta, ambayo hupanda kadiri mitambo ya mafuta inavyozidi kufanya kazi, nayo hulipwa na wateja kwa kila uniti wanayoitumia. Maana yake ni kwamba kiwanda kikubwa kikipoteza umeme saa za jioni, mafuta zaidi huchomwa, na mama anayewasha taa moja katika chumba cha kupanga hulipia sehemu ya upotevu huo. Kwa hiyo upotevu wa nishati katika shirika kubwa si siri ya mwenye shirika peke yake. Ni jambo linalowagusa raia wote.

Hapo ndipo dola ilipokuwa na haki ya kuingilia kati. Sheria ya Nishati ya mwaka 2006 iliweka msingi, na mwaka 2012 zikatolewa Kanuni za Usimamizi wa Nishati. Kanuni hizo ziliwahusu watumiaji wakubwa, yaani wale ambao matumizi yao yalifikia uniti 180,000 au zaidi kwa mwaka. Kiasi hicho ni sawa na uniti 15,000 kwa mwezi, ambazo zingetosha nyumba 300 zinazotumia uniti 50 kila moja. Mwenye kiwanda au jengo la namna hiyo alitakiwa kuwa na sera ya nishati, kumteua afisa wa kuisimamia, na kukaguliwa walau mara moja kila miaka mitatu na mkaguzi mwenye leseni. Ilipopitishwa Sheria mpya ya Nishati mwaka 2019, madaraka ya Tume ya Kudhibiti Nishati yalihamia kwa Mamlaka ya Udhibiti wa Nishati na Petroli.

Ndugu wasikilizaji, ingekuwa Kanuni hizo ziliagiza ukaguzi tu, zisingestahili mazungumzo haya. Uzito wake umo katika sharti moja: kwamba walau nusu ya akiba iliyobainishwa na kupendekezwa na mkaguzi lazima ipatikane kwa vitendo katika muda wa miaka mitatu. Serikali haikumwambia mwenye kiwanda azime mitambo yake wala apunguze uzalishaji. Ilimwambia kwanza ajue anachokipoteza, kisha atende walau nusu ya kile alichokijua.

Je, mkaguzi huyo hukuta nini? Mara nyingi hukuta mambo madogo yaliyozoeleka hata hayaonekani tena. Hukuta mabomba ya hewa ya shinikizo yanayovuja. Katika viwanda visivyotunzwa, kati ya asilimia 20 na 30 ya hewa iliyosukumwa kwa umeme wa fedha nyingi hupotea kwa njia hiyo, huku mlio wake ukidhaniwa kuwa ni sauti ya kawaida ya kiwanda. Hukuta mabomba ya mvuke yasiyofunikwa, yanayopasha joto paa na ukuta badala ya kupasha bidhaa. Hukuta mota kubwa ikizunguka kwa kasi ileile usiku na mchana, kazi iwepo isiwepo. Nayo kanuni ya sayansi ni kwamba feni ikipunguzwa kasi yake kwa asilimia 20 tu, umeme inaoutumia hushuka kwa karibu nusu.

Tuchukue mfano wa viwanda vya chai katika nyanda za juu za Kenya. Vingi ni mali ya wakulima wadogo wanaochuma majani katika mashamba yao wenyewe. Katika viwanda hivyo, feni kubwa hupuliza hewa kwa saa nyingi ili kunyausha majani, na matanuri hula kuni kwa ajili ya mvuke wa kukaushia. Feni ikizunguka bure, au kuni zikichomwa zingali mbichi, hasara haiishii katika daftari la meneja. Hutolewa katika malipo ya mkulima mwisho wa mwaka. Kwa mkulima huyo, ukaguzi wa nishati si suala la wataalamu. Ni karo ya mtoto wake.

Hata hivyo, si haki kusifu bila kupima. Mkaguzi huajiriwa na kulipwa na yuleyule anayekaguliwa. Askari yeyote atauona mara moja udhaifu uliomo katika utaratibu huo. Mkaguzi anayetaka kuitwa tena mwaka ujao aweza kushawishika kuandika kile kinachopendeza, au kuorodhesha akiba ndogo ili nusu yake iwe nyepesi kutimizwa. Isitoshe, wako wenye mali wanaochukulia ripoti kuwa cheti cha kuonyesha. Huipeleka inakotakiwa, kisha huifungia kabatini. Nao polisi wetu wanafahamu vema kwamba jalada lililojaa ushahidi, lakini halikufikishwa mahakamani, halijamtendea haki mtu yeyote.

Kwa upande mwingine, hatuna budi kukiri kwamba baadhi ya malalamiko ya wenye viwanda ni ya kweli. Kubadilisha mota au bwela kunahitaji mtaji, na riba ya benki ni kubwa. Kwa sababu hiyo Kenya haikutegemea fimbo pekee. Tangu mwaka 2006 kimekuwapo kituo cha matumizi bora ya nishati, kilichoundwa kwa ushirikiano wa Wizara ya Nishati na Chama cha Wenye Viwanda, kwa ajili ya kufanya ukaguzi na kutoa mafunzo. Aidha, zimekuwapo tuzo kwa makampuni yaliyofanya vizuri. Lakini tuzo humvuta aliye tayari. Asiye tayari hungoja mpaka mdhibiti afike mwenyewe mlangoni, apime kwa vyombo vyake, na alinganishe alichokiona na kilichoandikwa. Sheria hii itakuwa na nguvu kadiri ya nguvu za mtu huyo, na uaminifu wake.

Pengine msikilizaji atauliza: hayo ya Kenya yanatuhusu nini sisi? Yanatuhusu kwa mambo mawili. La kwanza, mwishoni mwa mwaka 2024 njia ya umeme ya kilovolti 400 iliziunganisha gridi za Kenya na Tanzania kupitia Namanga. Mataifa yaliyounganishwa kwa waya moja huweza kusaidiana wakati wa shida, lakini pia upotevu wa mmoja huweza kuwa mzigo kwa mwenzake.

La pili linatuhusu sisi wenyewe. Kambi ya jeshi, chuo cha polisi, hospitali na karakana ni watumiaji wakubwa wa umeme na mafuta, nao mlipaji ni mwananchi. Jenereta inayonguruma mchana kutwa kwa ajili ya taa mbili, na bomba la maji linalovuja huku pampu ikizunguka, ni kutu ndani ya mtutu. Kamanda hahitaji kungoja sheria ya nchi jirani ili aulize: kikosi changu kilitumia uniti ngapi mwezi uliopita, na kwa kazi gani? Akikosa jibu, hapo ndipo pa kuanzia.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Jirani zetu waliandika katika sheria kwamba anayeuona ufa lazima auzibe, walau nusu yake. Ni sheria njema. Kipimo chake si idadi ya ripoti zilizopokelewa ofisini, bali ni ule mvujo uliozibwa kiwandani, na ile tozo iliyopungua katika hati ya malipo ya mama wa chumba kimoja.