Maji Yakiganda Kwenye Paipu

(Mafunzo yaliyotolewa kwa vikundi vya maji vya nyanda za juu)



Ninyi wa Kinangop na Molo mnaijua ile barafu nyeupe inayokaa juu ya nyasi alfajiri. Januari 2012 iliunguza majani chai mengi kule Kericho na Nandi. Barafu hiyo hiyo yaweza kuziba paipu nyembamba iliyolazwa juu ya ardhi. Mama anafungua mfereji, hakuna kitu, na watoto wanangoja uji.

Ikitokea hivyo, msikimbilie kukata paipu. Fanyeni hivi:

1. Fungueni mfereji muuache wazi, ili barafu ikiyeyuka maji yapate pa kutokea.

2. Anzieni upande wa mfereji, mpande polepole kuelekea kwenye tangi.

3. Zungushieni paipu matambara yaliyoloweshwa maji ya vuguvugu. Moto hapana, jiko la makaa hapana! Plastiki itayeyuka, na paipu ya chuma yaweza kupasuka.

4. Maji yakirudi, kagueni viungo vyote. Maji yakiganda hufura kwa asilimia 9 hivi, na hapo ndipo viungo na mita hupasuka.

Kama jua limepanda, ni saa nne na bado hamna maji, basi shida si barafu. Angalieni kama valvu imefungwa, kama hewa imekwama pale paipu inapovuka kilima, au kama matope yamejaa pale inaposhuka bondeni.

Mtu ataniuliza: je, paipu iliyozikwa haigandi? Katika nchi za baridi huganda. Mjini Winnipeg, Canada, majira ya baridi ya 2013 hadi 2014, baridi ilipenya ardhini zaidi ya mita 2, na nyumba zaidi ya 2,000 zikakosa maji. Wengine waliambiwa waache mfereji ukitiririka mchana na usiku, kiasi cha unene wa penseli, maana maji yanayotembea hayagandi upesi. Lakini baridi yao hukaa miezi. Yetu ni ya usiku mmoja, haifiki chini.

Kwa hiyo zikeni paipu futi 2. Inapopita shambani au chini ya barabara, futi 3, jembe na magari yasiifikie. Ile inayosimama kwenye mfereji ifungeni kwa magunia makuukuu, kisha karatasi ya nailoni juu yake.

Najua mnavyosema: "Kuchimba ni kazi, tuilaze tu juu, tumalize kabla ya Krismasi." Sawa, lakini ikipasuka, nyumba za mwisho ndizo hukauka kwanza. Hao wakikosa maji wataacha kutoa mchango, na kikundi kitavunjika. Gawaneni mtaro, kila nyumba ipimiwe hatua zake. Za mjane na mzee zichimbwe na kikundi chote.

Maswali ya kuzungumzia kikundini:

– Ni wapi paipu yetu iko wazi?
– Nani atakagua viungo, na lini?
– Nyumba ya mwisho ni ya nani, na je, ilipata maji leo?