Kumbukumbu ya Joto: Mhadhara wa Umma juu ya Ala za Kuhifadhia Chanjo, Mokowe



Kipimajoto cha kawaida kitundikwacho jokofuni husema kweli, lakini ni kweli ya saa ile kinapotazamwa tu. Na kwa kuwa chanjo huweza kuharibika usiku, umeme ukatikapo na zahanati imefungwa, ilikuwa lazima ipatikane ala yenye kumbukumbu. Wa kale walikuwa nayo katika vituo vya hali ya hewa: pipa dogo lililovikwa karatasi, likizungushwa na mtambo wa saa kwa juma zima, na kalamu ya wino ikipanda na kushuka kwa kadiri ya joto. Leo kazi hiyo hufanywa na kifaa kieneacho kiganjani, ambacho huhifadhi habari za siku 30, na hutoa ishara ya hatari endapo joto limezidi nyuzi 8 kwa saa 10 mfululizo, au limeshuka hadi nyuzi 0.5 chini ya sifuri kwa dakika 60.

Tazameni tofauti ya muda huo. Sisi watu wa pwani, tuvukao kutoka gati hili la Mokowe kwenda Amu na Faza katika jua la kaskazi, twadhani adui wa chanjo ni joto peke yake. Kumbe chanjo ya pepopunda na ya homa ya ini, ambazo zina chumvi za alumini ndani yake, zikiganda mara moja huwa zimekwisha nguvu, na hata zikiyeyuka hazirudi kama zilivyokuwa. Ndiyo maana vibuyu vya barafu havitiwi katika kasha la safari vikali kama vilivyotoka jokofuni, bali huachwa nje hata vitoe jasho, na mtu akivitikisa asikie maji yakicheza ndani.

Ipo pia alama ibandikwayo juu ya kichupa chenyewe, iliyoanza kwa chanjo ya polio ya matone mwaka 1996: mraba mweupe ndani ya duara, ambao huzidi weusi kwa kila saa ya joto wala haurudi nyuma, na ukilingana rangi na duara lile chanjo haifai tena. Ni hikima kubwa, illa alama hiyo haina habari ya kuganda. Kwa hiyo haitoshi kuwa badala ya kifaa cha jokofuni.

Lakini ala hizi zote ni bure pindi msomaji wake awapo na hofu. Mwuguzi ajuaye kwamba ishara ya hatari itamletea barua ya karipio, ataificha, na mtoto wa Kizingitini atadungwa maji matupu. Kwa hivyo nawasihi wenye mamlaka: kifaa kisomwe asubuhi na jioni, sikukuu zikiwamo, vichupa vyenye shaka vitengwe, na yule aletaye habari ya hitilafu ashukuriwe, kisha jokofu lake litengenezwe upesi.