Programu ya Kurekodia Nyumbani: Uchague Ipi, na Ukihama Uhame Vipi?



Ndugu zangu vijana, dada zangu, na wazazi wetu mliokubali kukaa nasi baada ya tarawehe badala ya kwenda kupumzika, ahsanteni sana. Mada niliyopewa ni kurekodi sauti nyumbani kwa kompyuta. Najua wako watakaosema, hayo ni mambo ya mastudio, sisi yanatuhusu nini? Lakini hebu hesabu mwenyewe mtaani kwenu ni vikundi vingapi vya kaswida, ni madrasa ngapi zinazotayarisha watoto kwa maulidi na Idd, ni darasa ngapi za mashekhe zinazorekodiwa kwa simu na kutumwa kwa WhatsApp. Kurekodi tunarekodi. Kinachotushinda ni kuhifadhi.

Hukumu ya ala za muziki sikuja nayo, hiyo muulizeni maalim wenu. Mimi nazungumzia sauti inavyoingia kwenye kompyuta, iwe ya mtu peke yake, ya dufu au ya kinanda.

Swali ambalo vijana huniuliza kila mahali ni hili: programu gani ni bora kuliko zote? Kila mmoja ana rafiki aliyemwambia kuwa ile anayotumia yeye ni ya kitoto, na studio kubwa zinatumia nyengine. Basi kijana huacha kazi nusu, akahamia programu mpya, akakaa miezi miwili akijifunza vitufe, halafu akasikia ya tatu. Mwaka unakwisha na kaswida hata moja haijatoka.

Jamani, programu haina sauti yake. Katika kipimo cha CD kompyuta huipima sauti mara 44,100 kwa kila sekunde na kuandika namba. Maiki ikiwa ni ile ile, chumba kile kile na msomaji yule yule, namba hizo hazigeuki kwa sababu umerekodi kwa Pro Tools ya kulipia badala ya Audacity ya bure. Chumba chenye mwangwi kitabaki na mwangwi. Feni ikinguruma itasikika. Mwenye shilingi chache mfukoni na azitie kwenye maiki, tena atundike mablanketi mawili ukutani nyuma ya msomaji. Hapo ataisikia tofauti siku ile ile.

Programu zinapotofautiana ni katika kazi zilizoundiwa. Kwa hiyo usiulize ipi bora, uliza kazi yangu ni gani.

Ikiwa kazi yako ni sauti moja, yaani kisomo, mawaidha au shairi la mtoto wa madrasa, Audacity inakutosha kabisa. Ilitolewa mwaka 2000, ni ya bure, na haikuombi leseni wala kadi ya benki. Utarekodi, utakata pale msomaji alipokohoa, utasawazisha sauti, umemaliza. Upungufu wake mkubwa ulikuwa kwamba ukitia doido lolote, mwangwi kwa mfano, linaingia ndani ya sauti yenyewe moja kwa moja. Toleo la 3.2 la mwaka 2022 ndilo lililoleta madoido yanayoweza kuwashwa na kuzimwa wakati sauti inacheza. Wenye matoleo ya zamani, weka nakala kabla hujagusa kitu.

Ikiwa ni kaswida ya watu wengi, kiongozi, waitikiaji, sauti ya pili na dufu, kila mmoja na mstari wake, hapo unahitaji programu iliyojengwa kwa mistari mingi. Mimi kwa hali zetu napendekeza Reaper. Faili lake la kupakua ni dogo, linaenda hata kwenye kompyuta kuukuu, unapewa siku 60 za kujaribu kila kitu, na leseni ya mtu binafsi ni dola 60. Aliyeianzisha, Justin Frankel, ndiye aliyeunda Winamp, ile tuliyosikilizia MP3 zetu za kwanza kwenye masaiba. Wenye kompyuta za Apple hawana haja ya kwenda mbali, kwani GarageBand wanayo bila malipo, na wakikua wakanunua Logic, kazi za GarageBand hufunguka humo humo.

Ama FL Studio, hii nataka tukae nayo kidogo, kwa sababu kila nyumba ninayoingia naikuta. Ni programu ya Ubelgiji, ilianza mwaka 1997 kwa jina la FruityLoops na ikabadilishwa jina mwaka 2003. Ilizaliwa kwa ajili ya kupanga mapigo, hatua kwa hatua, na katika kazi hiyo ni hodari sana. Aliyeinunua hupata matoleo mapya maishani bila kulipa tena, jambo zuri mno. Lakini toleo lake la bei ya chini, Fruity Edition, kwa miaka mingi halikuwekewa kazi ya kurekodi sauti za waimbaji na kuzipanga. Anayetaka kurekodi kikundi cha watu ahakikishe kwanza kuwa toleo analonunua lina kazi hiyo, au atafute programu nyengine. Tena toleo la majaribio hukuruhusu kuhifadhi kazi yako, ila ukiifunga huwezi kuifungua tena na kuiendeleza mpaka ununue. Nimeona kijana amehifadhi kazi ya wiki nzima hivyo. Sauti iliyokwisha kutolewa kama WAV inabaki yako, mpangilio wenyewe umefungiwa ndani.

Hapo ndipo watu wanapokimbilia programu za kuibwa, zile zinazouzwa kwenye flashi kwa shilingi mia mbili pamoja na faili la kuvunjia kufuli. Nitasema waziwazi mbele ya wazazi. Hiyo ni mali ya watu waliotoka jasho, na mtu hawezi kuisifu ibada kwa sauti nzuri juu ya kitu alichokipora. Wala faida ya dunia haimo, maana faili la kuvunjia kufuli hukutaka uzime ulinzi wa virusi kwanza ili lifanye kazi. Umemfungulia mlango mwizi mwenyewe. Na Audacity ipo, bure, halali.

Sasa je, kuhama. Kuna wakati kuhama ni lazima, wala si matamanio. Programu hufa na kampuni huuzwa. Mwaka 2002 Apple iliinunua kampuni ya Emagic ya Ujerumani iliyotengeneza Logic, na toleo la Windows likasimamishwa, wenye kompyuta za Windows wakaachwa njiani. Mwaka 2003 Adobe ikainunua Cool Edit Pro, ile iliyopendwa hapa kwetu na kila fundi, ikageuka Adobe Audition. Mwaka 2017 kampuni ya Gibson ikatangaza kuacha kuiendeleza Sonar ya Cakewalk. Mwaka uliofuata BandLab ya Singapore ikaichukua na kuitoa bure, watu wakashangilia, kisha mwaka 2023 ikatangazwa Sonar mpya ya kuchukua nafasi yake. Wote waliotegemea majina hayo walikuwa na kazi zao mle ndani.

Fikiria kikundi chenu kina rekodi ya mzee aliyewafunza kaswida tangu mko chuoni, sauti yake na pumzi zake mle. Mzee akifariki, hamuwezi kumrekodi tena. Kanda zake za zamani, mtu akipata redio ya kanda, zinacheza. Lakini ile mliyomrekodi kwa kompyuta, kila sauti na mstari wake, imo ndani ya faili la programu ambayo haipo tena, na leseni yake ilikuwa kwenye kompyuta iliyoungua stima iliporudi kwa kishindo. Haya ndiyo yaliyonileta hapa usiku huu.

Kwanza fahamu faili unalolihifadhi lina nini. Wengi hudhani ukibonyeza kuhifadhi, sauti imo ndani ya faili hilo. Sivyo mara nyingi. Faili la Reaper ni maandishi matupu, linasema tu sauti fulani ianze wapi na ikatwe wapi. Sauti zenyewe zimo kwenye mafaili mengine pembeni. Audacity kabla ya toleo la 3.0 la mwaka 2021 ilikuwa na faili dogo lenye herufi za aup na folda kubwa ya data kando yake. Mtu ananakili lile dogo kwenye flashi, anakwenda kwa mwenzake, wanalifungua, kimya! Folda imebaki nyumbani. Siku hizi Audacity hutia vyote kwenye faili moja, lakini za zamani bado ziko nyingi majumbani, na folda zake zisitenganishwe nazo.

Pili, mpangilio wa programu moja aghlabu haufunguki katika nyengine. Cubase haifungui kazi ya FL Studio, wala Reaper haifungui ya Logic. Kinachofunguka kila mahali ni WAV. Basi kabla ya kuhama toa kila sauti peke yake kama WAV: kiongozi faili lake, waitikiaji lao, dufu lake. Na hapa msikilize kwa makini, kwani ndipo kazi nyingi zinapoharibika. Mafaili yote yaanze sekunde ya sifuri, hata kama waitikiaji wanaingia dakika ya pili. Acha ule ukimya wa mwanzo uwemo. Ukiyakata, katika programu mpya utakuwa unakisia kila mmoja aliingia wapi, na kaswida ya dufu haikubali kukisiwa, kwani kuteleza kidogo tu kila sikio linajua.

Toa sauti kavu, bila mwangwi wala madoido. Kama kuna doido ulilolipenda sana, toa nakala ya pili ikiwa nalo, kwa sababu plagini za ndani ya programu hazihami nawe. Zile za aina ya VST, mfumo ulioletwa na Steinberg mwaka 1996, hutumika katika programu nyingi, lakini Logic haizikubali, yeye anataka za aina ya Apple. Usitoe kwa MP3. MP3 hupunguza sauti ili iwe nyepesi, na kilichotupwa hakirudi. Ni ya kusambaza kwa simu, si ya kuhifadhi.

Tia pia mchanganyiko mzima kama unavyosikika leo, na karatasi ya maandishi ya kawaida: jina la kaswida, nani aliimba nini, tarehe, kasi ya mapigo kama ilipangwa. Majina ya mafaili yawe ya maana. "Sauti mpya mwisho kabisa 3" hakuna atakayeijua baada ya miaka kumi.

Mtu atauliza nafasi. WAV ya sauti moja kwa biti 24 na kipimo kile cha 44,100 huchukua kama MB 8 kwa dakika. Kaswida ya dakika tano yenye sauti nane ni kama MB 320. Flashi ya GB 16 inabeba kaswida zaidi ya arubaini za namna hiyo. Weka nakala mbili, moja kwenu, moja nyumba nyengine, kwa sababu moto na mwizi hawabagui.

Kisha ijaribu. Fungua programu mpya, ingiza mafaili yote, yapange mwanzo, cheza, huku ukilinganisha na ule mchanganyiko wa zamani. Ukiridhika, hapo ndipo ufute, na hata hivyo mimi nisingefuta upesi.

Liko jambo moja linalowafanya watu wahame bila haja. Msomaji anavaa hedifoni, anaimba, sauti yake inamrudia ikiwa imechelewa, anapotea. Wanasema programu mbovu. Aghlabu ni mpangilio tu. Kompyuta hukusanya vipimo kwenye akiba kabla ya kuvitoa: akiba ikiwa 1,024 ni kama milisekunde 23, ikiwa 256 ni kama 6, na hapo hujaongeza ucheleweshaji wa vifaa vyenyewe. Ukirekodi punguza akiba, ukichanganya iongeze ili kompyuta isikwame. Kwa Windows ziko pia draiva za ASIO zinazopunguza ucheleweshaji. Reaper inazitumia, Audacity kwa miaka mingi ilipakuliwa bila hizo. Kwa hiyo mwenye Audacity isiyo nazo anayetaka kujisikia huku akiimba juu ya sauti nyengine ana sababu ya kweli ya kuhama.

Wazazi, neno kwenu. Binti anayependa kusoma kaswida na hamtaki aende studio mjini usiku, kompyuta ya nyumbani yenye programu ya bure na maiki ya kawaida inamtosha kuanza. Hata simu inatosha. Mnunulieni hedifoni nzuri, mumfungie mlango watoto wasiingie, mumwache.

Na mliokwisha kuanza kaswida za Idd, msihame sasa. Malizeni kwenye programu mliyo nayo, hata kama inawaudhi. Kuhama kuanzie Mfungo Mosi, na mwanze na rekodi za wazee kabla ya zenu. Sasa aliye na swali na ainue mkono, tuanze na kina dada huko nyuma.