Pipa Tupu Halikosi Kitu

(Hotuba ya Kamati ya Ustawi iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka)



Katika hesabu za mwaka huu mtaona mstari mmoja uitwao "Matibabu ya fundi". Kamati imeona si haki mstari huo upite bila kuelezwa, kwa kuwa kosa lililouleta lilikuwa letu sisi, wala si la kijana aliyeumia.

Mwajua kwamba tulikusudia kupata majiko ya kuni ya kupikia matangani, ili tuyaache mafiga matatu yanayokula mzigo mzima wa kuni kwa sufuria moja na kuwatoa mama zetu machozi. Moshi huo si jambo dogo. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba katika mwaka 2020 watu milioni 3.2 duniani walikufa kwa uchafu wa hewa wa majumbani, utokao zaidi katika moto wa kupikia. Basi nia yetu ilikuwa njema, lakini njia tuliyoishika ilikuwa mbaya. Tulinunua mapipa mawili makuukuu bila kuuliza yalichukua nini zamani. Tukamwambia fundi, "Ni matupu, yakate." Alipotia mashine ya kukatia chuma, cheche ziliruka na kifuniko kikang'oka kwa kishindo. Mungu alimhifadhi uhai, bali uso na mikono viliungua.

Wako waliosema, "Ajali haina kinga." Sisi hatuwezi kujificha nyuma ya methali hiyo. Kinga ilikuwapo, nayo ilikuwa swali moja tu: pipa hili lilikuwa na nini?

Wazee wetu, kiwakacho si mafuta yenyewe, bali ni mvuke wake ukichanganyika na hewa. Pipa lililojaa halina nafasi ya mchanganyiko huo. Lakini lililomiminwa likabaki na matone machache lina mvuke na hewa pamoja, likingojea cheche. Tena kulisuuza kwa maji hakutoshi, maana mafuta hujificha katika mikunjo ya mishono. Kwa hiyo pipa tupu laweza kuwa la hatari kuliko lililojaa.

Kuna na vyombo vingine vya kukataa. Kilichochukua dawa ya mimea au ya mifugo, asidi au rangi, kisikaribie chakula. Mtungi wa gesi usiguswe kabisa. Bati lililopakwa zinki lisitumiwe mahali pa moto, kwani zinki huyeyuka kwa joto la digrii 420 hivi, na ikizidi kuchomeka hutoa moshi unaomtia mtu homa na baridi saa chache baadaye. Na chombo ambacho hapana ajuaye historia yake, tukihesabu kuwa ni kibaya.

Kinachofaa ni debe la lita 20 lililokuwa na mafuta ya kupikia, lililokwisha kufunguliwa mdomo wote wa juu. Tulivyojifunza kulitengeneza ni hivi:

Kwanza, lioshwe kwa maji moto na sabuni, likaushwe, lijazwe mchanga ili lisibonyee. Ubavuni, sentimita 5 juu ya kitako, litobolewe tundu la upana wa sentimita 10 kwa patasi na nyundo. Fundi avae glavu za ngozi na miwani, na kila ukingo ukunjwe kwa koleo, kwa maana bati lililokatwa ni wembe.

Pili, mchanga umwagwe, na mikebe ya chakula yenye upana huo huo iunganishwe kwa umbo la kiko: mmoja ulale ukitokea tunduni, mingine isimame hadi mdomo wa debe iwe dohani. Nafasi yote iliyobaki ijazwe majivu makavu yaliyochekechwa, kisha ifunikwe kwa bati lenye tundu la dohani. Wengi hutia mchanga au saruji, navyo hunyonya joto lililopaswa kwenda sufuriani. Majivu ni mepesi, yana hewa ndani yake, nayo hulizuia joto lisipotee. Moto huwa mkali, na moshi mwingi huungua kabla ya kutoka.

Tatu, katika mdomo wa kuni kiwekwe kipande cha bati kama rafu, kuni zipite juu na hewa ipite chini. Juu ya dohani viwekwe vyuma vitatu vya kuinua sufuria kiasi cha sentimita 2, ili moto upumue. Moto wa kwanza uwashwe nje bila chakula, mabaki yote yateketee.

Jiko hili hupunguza moshi, haliuondoi. Lipikiwe nje au penye madirisha wazi, mbali na nyasi na makuti, likizungushiwa matofali lisipinduke, na watoto wasilikaribie. Lisiwashwe kwa petroli. Wala makaa yake yasiingizwe chumbani kwa ajili ya kuota usiku, kwani hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, na mtu hulala asiamke. Na bati la ndani likitoboka kwa kuungua, libadilishwe.

Mheshimiwa Mwenyekiti, tunaomba Mkutano huu upitishe mambo mawili: Chama kisikate tena pipa lolote, bali kitumie majiko madogo kadhaa ya madebe, na asiagizwe fundi yeyote kukata chombo mpaka anayemwagiza ataje mbele ya mashahidi kilichokuwamo.

Fundi wetu amepona, ingawa makovu yangaliko. Tulimwendea kuomba radhi, naye akakubali, kisha akatutengenezea jiko lililoko nje ya ukumbi huu. Chai mtakayokunywa leo imechemkia juu yake. Kinga na kinga ndipo moto uwakapo, walisema wahenga. Nasi tuongeze kwamba anayeuleta ukuni ajue kwanza umetoka wapi.